Utafiti Katika Vyuo vya Ufundi: Una Faida Gani kwa Mkazi wa Kaunti?

Vyuo vya ufundi vinapotajwa katika vikao vya kushirikisha umma, maombi ya wakazi kwa kawaida hufanana: karakana iezekwe, cherehani ziongezwe, wakufunzi waajiriwe, karo ipunguzwe. Neno utafiti halisikiki sana. Likisikika, wengi huliona kuwa jambo la vyuo vikuu na maprofesa, si la kijana anayejifunza kuchomelea vyuma au kufunga mabomba ya maji.

Makala haya yanaeleza kwa nini dhana hiyo inafaa kutazamwa upya. Yanaeleza utafiti wa wanafunzi ni nini, jinsi vyuo vya jamii nchini Marekani vilivyoujenga bila kuwa na fedha za vyuo vikuu, sheria ya Kenya inasema nini, na mkazi anaweza kuuliza nini kabla ya shilingi yake kutumika.

Utafiti wa mwanafunzi ni nini?

Si kila mradi wa darasani ni utafiti. Mwanafunzi akitengeneza meza kwa kufuata mchoro wa mkufunzi, anafanya zoezi: jibu linajulikana, na kinachopimwa ni ustadi wake. Utafiti huanza pale ambapo jibu halijulikani hata na mkufunzi, na kuna mtu nje ya chuo anayelihitaji.

Chukua mfano wa mahindi. Wakulima wengi wanajua kipimo cha chumvi. Unatia punje kidogo kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, unatikisa, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji mengi. Isipoganda, unyevu uko chini ya takriban asilimia 15. Lakini kiwango kinachotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhiwa ni asilimia 13.5. Kati ya viwango hivyo viwili pana pengo, na mkulima anayetegemea chupa peke yake anaweza kufunga magunia mapema akidhani ameyakausha vya kutosha.

Je, katika hali ya hewa ya wadi yako, kipimo cha chumvi hukosea mara ngapi kikilinganishwa na mashine ya kupima unyevu? Hilo ni swali la utafiti. Wanafunzi wa kilimo wanaweza kulijibu kwa chupa, chumvi, mashine moja iliyorekebishwa vizuri na sampuli kutoka kwa wakulima waliokubali kushiriki. Kila sampuli inapimwa zaidi ya mara moja, na kila kipimo kinaandikwa, hata kile kisichopendeza.

Swali hilo si dogo. Mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi iliwaathiri watu 317 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki. Ukungu unaotoa sumu hiyo hustawi katika nafaka yenye unyevu. Ikumbukwe kwamba mashine ya unyevu haipimi aflatoksini yenyewe. Hiyo huhitaji kipimo chake katika maabara. Lakini kuyakausha mahindi vizuri ni miongoni mwa kinga za kwanza alizo nazo mkulima mikononi mwake.

Vyuo vya jamii vya Marekani vilianzaje?

Chuo cha umma cha jamii kilicho kikongwe zaidi Marekani ni Joliet, katika jimbo la Illinois. Kilianza mwaka wa 1901 kikiwa na wanafunzi sita, kama nyongeza ya miaka miwili kwenye shule ya upili. Mwaka wa 1947, tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo vya aina hii vienezwe kote nchini, na jina la chuo cha jamii likaenea. Leo kuna takriban vyuo 1,000. Hutoa kozi za miaka miwili au chini ya hapo. Baadhi ya wanafunzi huenda kazini moja kwa moja, wengine huhamia chuo kikuu kukamilisha shahada.

Wanafunzi wa vyuo hivyo wanafanana na wengi wa kwetu. Wanaishi nyumbani, wanafanya kazi, wanalea watoto, na wanajilipia karo kidogokidogo. Kwa muda mrefu, fursa za utafiti hazikuwafikia. Mtindo wa vyuo vikuu ulikuwa kumchagua mwanafunzi mmoja mmoja na kumweka katika maabara ya profesa, mara nyingi wakati wa likizo ndefu. Mwanafunzi ambaye likizo ndiyo nafasi yake ya kutafuta vibarua hakuweza kwenda. Aliyefaidika ni yule ambaye tayari alikuwa na nafasi.

Suluhisho lililopatikana ni kuuingiza utafiti ndani ya somo lenyewe. Badala ya kuwachagua wachache, darasa zima hufanya utafiti mmoja kwa muhula mzima, katika saa zilezile za ratiba, na kazi hiyo hutahiniwa kama sehemu ya somo. Chuo cha Finger Lakes, kilichoko Canandaigua katika jimbo la New York, kilikuwa miongoni mwa vilivyoongoza mkondo huu. Kwa ufadhili wa shirika la serikali kuu ya Marekani linalogharamia sayansi, mpango uliochipuka hapo ukawa mtandao wa vyuo vya jamii katika majimbo mengi. Hatua zake ni rahisi kueleweka: mwanafunzi hukutana na swali halisi katika somo la mwanzo, hujifunza mbinu za kulichunguza, kisha anayetaka kuendelea hupewa nafasi ya kulifuatilia zaidi.

Mpango mwingine, ulioanza mwaka wa 2008, huwaalika wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchota udongo karibu na wanakoishi na kutafuta humo virusi vidogo vinavyoshambulia bakteria, viitwavyo bakteriofaji. Zaidi ya vyuo 100 vimeshiriki, vikiwemo vya jamii. Vyuo vyote hufuata utaratibu mmoja wa kupima, na matokeo huwekwa katika hazina moja ya data. Kwa hiyo kazi ya darasa dogo mashambani hujumlishwa na kazi ya mamia ya madarasa mengine. Anayegundua kirusi kipya hupewa heshima ya kukipa jina.

Biringanya iliyooza mjini Durban

Mtu anaweza kuuliza: kazi ya mwanafunzi anayejifunza inaweza kumfaa nani? Jibu moja linatoka hapa Afrika.

Mwaka wa 2010, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mjini Durban, Afrika Kusini, alichukua sampuli kutoka kwenye biringanya iliyokuwa ikioza. Humo alipata bakteriofaji iliyopewa jina Muddy. Ilihifadhiwa pamoja na maelfu ya nyingine zilizokusanywa na wanafunzi. Miaka minane baadaye, madaktari mjini London walikuwa wakimtibu msichana wa miaka 15 aliyepandikizwa mapafu na ambaye mwili wake ulikuwa umevamiwa na bakteria waliokataa dawa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walipekua hazina ya bakteriofaji na kupata tatu zilizofaa, mbili kati yake baada ya kurekebishwa. Muddy ilikuwa mojawapo. Hali ya mgonjwa huyo ilipata nafuu, na maelezo ya tiba hiyo yakachapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la Nature Medicine.

Tukio kama hilo ni nadra, na si busara kuahidi kwamba kila darasa litazaa tiba. Funzo lake ni jingine. Sampuli ile ilikuwa na thamani kwa sababu ilichukuliwa kwa utaratibu, ikaandikwa ilikotoka na ikahifadhiwa. Ingetupwa baada ya mtihani, isingemfaa mtu yeyote.

Je, mwanafunzi mwenyewe anafaidika?

Ushahidi unaonukuliwa sana ulitoka katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, ambacho huwaweka wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika utafiti kwa mihula mitatu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2016 ulilinganisha waliomaliza mpango huo na wenzao wanaofanana nao. Uwezekano wa kuhitimu shahada ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati ulipanda kutoka asilimia 71 hadi asilimia 94. Uwezekano wa kuhitimu katika muda wa miaka sita ulipanda kutoka asilimia 66 hadi asilimia 83.

Takwimu hizo ni za chuo kikuu kikubwa chenye rasilmali, na haziwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye kituo cha ufundi cha wadi. Hata hivyo, zinaonyesha jambo ambalo wakufunzi wanalijua: mwanafunzi hukaa chuoni akiona kazi yake ina maana. Kuacha masomo katikati ni hasara kwa mzazi aliyelipa karo na kwa kaunti iliyolipa mkufunzi.

Kuna faida ya pili, ya soko la kazi. Fundi aliyezoea kupima, kuandika na kulinganisha anaweza kumweleza mteja kwa nini pampu hii inafaa kuliko ile. Tunao mfano nyumbani. Jiko la makaa lenye kauri ndani, linalotumika katika nyumba nyingi za Kenya, halikushuka kutoka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu na mafundi wa jua kali waliuchukua mtindo wa jiko la Thailand, wakaujaribu, wakabadilisha umbo na kauri yake hadi ukakubaliana na sufuria na mapishi ya hapa. Huo ulikuwa utafiti, na sehemu kubwa yake ilifanyika kwa nyundo na bati.

Nani anasimamia chuo kipi?

Kabla ya kudai lolote, ni vyema mkazi ajue mlango wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la vyuo anuwai vya vijijini, ambavyo sasa vinaitwa vituo vya mafunzo ya ufundi. Wakufunzi, karakana na vifaa vya vituo hivyo viko chini ya serikali ya kaunti. Vyuo vya kiufundi vinavyotoa diploma pamoja na vyuo anuwai vya kitaifa viko chini ya serikali ya kitaifa. Vyote husajiliwa na kukaguliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013.

Kwa hiyo kaunti inaweza kutenga fedha kwa ajili ya utafiti katika vituo vyake. Haiwezi kuamuru chuo cha kitaifa kifanye hivyo, lakini inaweza kuingia nacho katika makubaliano ya ushirikiano.

Mwaka huohuo wa 2013, Bunge lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Sheria hiyo iliunda NACOSTI, tume inayotoa leseni za utafiti, pamoja na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Chuo kinachotaka wanafunzi wake wakusanye data kutoka kwa wananchi kinafaa kuwasiliana na NACOSTI kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda mkulima au mgonjwa ambaye jina, picha au nambari yake ya simu itachukuliwa. Una haki ya kuambiwa data yako ni ya kazi gani, na una haki ya kukataa kushiriki.

Tukianza, tuanzie wapi?

Uzoefu wa vyuo vya jamii unaonyesha kwamba mipango iliyodumu haikuanza kwa jengo. Ilianza kwa mkufunzi mmoja, somo moja na swali moja. Hatua zinazofaa ni hizi:

1. Swali litoke kwa wakazi. Vikundi vya wakulima, kamati za maji na mafundi wa sokoni waulizwe ni jambo gani wanalolikisia kila siku bila kulipima.

2. Swali lilingane na kozi. Wanafunzi wa mabomba wachunguze maji yanayopotea kwenye mifereji ya kituo. Wa uchomeleaji walinganishe majiko. Wa kilimo wapime unyevu wa nafaka. Wa umeme wapime taa za sola zinazouzwa sokoni zinawaka saa ngapi zikilinganishwa na maandishi ya kwenye boksi.

3. Kuwe na mshirika mwenye ujuzi. Chuo kikuu kilicho karibu, kituo cha KALRO, kampuni ya maji au maabara ya afya ya umma inaweza kuangalia utaratibu wa kupima na kurudia baadhi ya vipimo.

4. Kazi ifanywe ndani ya ratiba na ihesabiwe katika tathmini. Mtaala wa sasa wa umilisi humpima mwanafunzi kwa anachoweza kutenda, na humtaka aweke kumbukumbu za ushahidi wa kazi yake. Daftari la vipimo ni ushahidi mzuri.

5. Vituo kadhaa vitumie utaratibu mmoja. Kituo kimoja kikipima sampuli chache, jibu ni la kijiji. Vituo vya kaunti nzima vikipima kwa njia ileile, jibu ni la kaunti.

6. Matokeo yarudi kwa waliotoa sampuli, kwa lugha wanayoielewa, na data ihifadhiwe ili darasa lijalo liendelee pale la kwanza lilipoishia.

Matokeo yakiwa mabaya

Hapa ndipo mipango mingi isiyoandaliwa vizuri huharibika. Tuseme wanafunzi wanapima maji ya visima. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi, inayobadilisha rangi ya meno ya watoto na, ikizidi kwa miaka mingi, kuathiri mifupa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwanafunzi akipata miligramu 4 katika kisima kinachotumiwa na shule, afanye nini?

Akiiweka picha ya kipimo kwenye kundi la WhatsApp jioni hiyo, huenda akawatia watu hofu kwa kosa la kifaa. Akinyamaza, watoto wataendelea kunywa. Njia sahihi inafaa kuandikwa kabla ya sampuli ya kwanza kuchotwa: kipimo kirudiwe, kithibitishwe katika maabara iliyoidhinishwa, msimamizi wa kisima na afisa wa afya ya umma wajulishwe kwa maandishi, kisha wanaotumia kisima waelezwe ukweli na hatua zinazochukuliwa. Chuo kisicho tayari kushughulikia jibu baya bado hakiko tayari kuuliza swali hilo. Kinaweza kuanza na swali jepesi zaidi.

Gharama na mashaka yaliyopo

Mkazi anayesema kwamba kituo kisicho na cherehani za kutosha hakifai kuota utafiti ana hoja. Utafiti hauchukui nafasi ya vifaa vya msingi, na haupaswi kuwa kisingizio cha kujenga maabara itakayofungwa kwa kufuli. Ndiyo maana maswali ya kwanza yanafaa kutumia vifaa ambavyo kozi inavihitaji hata bila utafiti.

Gharama kubwa si vifaa. Ni muda wa mkufunzi. Mkufunzi mwenye madarasa mengi hawezi kuongezewa mradi juu ya mzigo alio nao na atarajiwe kuufanya vizuri. Vyuo vya jamii vya Marekani vilikumbana na ugumu huohuo, kwa kuwa wahadhiri wao huajiriwa hasa kufundisha. Palipofanikiwa, saa za utafiti zilihesabiwa kama saa za kufundisha na wakufunzi walifunzwa kwanza. Mpango wowote utakaoletwa kwa wakazi bila kutaja saa za wakufunzi, mafunzo yao, nauli ya kukusanya sampuli na vifaa vya kujikinga una pengo.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma imeweka tarehe. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka wa Mkakati wa Fedha huwasilishwa kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Jambo lisiloingia katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwa gumu kulipata katika bajeti, kwa hiyo wakati mzuri wa kusema ni mapema, katika vikao vya wadi au kwa memoranda iliyoandikwa.

Ukihudhuria, unaweza kuuliza maswali haya: Kituo cha ufundi cha wadi yetu kina wakufunzi wangapi kwa kila kozi? Je, kuna swali moja la wakazi ambalo wanafunzi wanaweza kulichunguza kwa vifaa vilivyopo? Nani atahakiki vipimo? Matokeo yatatangazwa wapi na lini? Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016, kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hiyo inajumuisha bajeti ya kituo.

Mzazi mwenye mtoto chuoni anaweza kuanza hata leo. Muulize mwanao muhula huu amepima nini, na ameandika wapi. Kama una kisima, shamba, jiko au karakana ambayo wanafunzi wanaweza kuichunguza, peleka pendekezo lako kwa meneja wa kituo kilicho karibu nawe au katika afisi ya msimamizi wa wadi. Liandike kama swali moja lililo wazi, utaje ni nani atakayefaidika na jibu lake.